Neva za Ndani Zinapojeruhiwa: Somo kwa Wanaotembelea Wagonjwa wa Kisukari



Wapendwa waseminari na waamini, tuanze na mfano. Katika kigango kimoja huko Muheza yupo mzee wa miaka 58, mkulima wa machungwa, anayeishi na kisukari mwaka wa 14 sasa. Jumapili moja, waamini walipoinuka baada ya mageuzo, naye akainuka, akashika benchi, kisha akaanguka. Walipomlaza chini alizinduka baada ya dakika moja. Mara maneno yakaanza. Mmoja alisema ni pepo, maana kwa nini aanguke wakati ule ule? Mwingine alisema ni njaa. Wa tatu alisema kimya kimya kwamba mzee siku hizi anakunywa. Mke wake hakusema kitu pale kanisani, lakini nyumbani alieleza kwamba mume wake anashiba kwa vijiko vitatu vya wali, usiku anatapika chakula cha mchana, na moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amekaa barazani.

Mzee huyu tumemtunga kwa ajili ya somo. Dalili zake hatukuzitunga. Ni dalili za ugonjwa unaojulikana vizuri katika tiba, yaani kujeruhiwa kwa neva zinazoendesha viungo vya ndani, na hasa zile za upande uitwao parasimpathetiki. Anayepeleka Ekaristi kwa wagonjwa, katekista, mwenyekiti wa Jumuiya na mseminari aliyetumwa kwenye kazi za kichungaji wanakutana na wagonjwa wa namna hii kila wiki, mara nyingi bila kuwatambua. Ndiyo maana tumeona vema tulifundishe jambo hili.

1. Neva zinazofanya kazi bila kuagizwa

Mwili una mishipa ya fahamu, au neva, za aina mbalimbali. Zipo zinazotuwezesha kuhisi na kuamua: unakanyaga mwiba, unahisi maumivu, unavuta mguu. Zipo nyingine zinazofanya kazi bila sisi kuziagiza, usiku na mchana. Hizo ndizo zinazopima mapigo ya moyo, kusukuma chakula tumboni, kukaza na kulegeza kibofu, kutoa jasho na kurekebisha presha tunaposimama.

Neva hizi zisizoagizwa zina pande mbili. Upande wa simpathetiki hukuandaa kukimbia au kupambana: moyo huenda kasi, jasho hutoka, tumbo husimamisha kazi yake. Upande wa parasimpathetiki hufanya kazi ya utulivu: moyo hupungua kasi, mate hutoka, chakula husagwa, haja kubwa na ndogo hutoka kwa wakati wake. Mwili wenye afya hupokezana kati ya pande hizi mbili, kama wanaume wawili wanaovuta jarife pwani, mmoja akilegeza mwingine akikaza.

Neva kubwa kuliko zote za upande wa utulivu huitwa vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika kwenye moyo na mapafu, kisha inashuka hadi tumboni na sehemu kubwa ya utumbo. Neva nyingine za upande huo hutoka chini ya uti wa mgongo na kwenda kwenye kibofu, njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi.

Jinsi vagasi inavyoutuliza moyo ilithibitishwa mwaka 1921 na mwanasayansi Otto Loewi, aliyetumia mioyo ya vyura. Aliusisimua mshipa wa moyo mmoja hadi ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyaweka kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo. Hivyo ilijulikana kwamba neva hutoa kemikali inayopeleka ujumbe kwenye moyo. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini katika mkesha wa Pasaka. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Mwaka huo huo wa 1921, kule Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kutenga insulini. Mambo hayo mawili, neva na sukari, ndiyo yanayokutana kwa mzee wetu wa Muheza.

2. Kwa nini kisukari

Neva za ndani zinaweza kujeruhiwa na mambo mengi: upasuaji wa shingo au tumbo, pombe ya miaka mingi, ukosefu wa vitamini B12, Virusi vya UKIMWI, ukoma, na baadhi ya dawa za saratani. Lakini chanzo tunachokutana nacho zaidi katika familia zetu ni kisukari.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu neva zenyewe pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu ndizo huumia kwanza. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye vidole vya miguu, na ndiyo maana vagasi, iliyo ndefu kuliko neva nyingine za ndani, huumia mapema. Upande wa utulivu ukilegea, upande wa mbio hubaki bila mpinzani. Moyo wa mgonjwa huenda kasi hata akiwa amepumzika. Baadaye upande wa pili nao huumia, na hapo presha huanguka anaposimama.

Zamani kisukari kilionekana kama ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti ulioongozwa na Dk. Donald McLarty katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100 ana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani watu 9 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 25 na 64. Chunguzi hizo hazikufanana kwa njia wala kwa watu waliopimwa, hivyo tusizilinganishe kama mizani moja. Lakini yeyote anayeishi Tanga, Pangani au Korogwe anaona kwa macho yake kwamba ugonjwa huu umeingia hadi kwa mvuvi na mkata mkonge.

3. Dalili za kuzitambua

Unapomtembelea mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu, sikiliza na uangalie mambo haya:

Moyo. Mapigo yanayozidi 100 kwa dakika mgonjwa akiwa ametulia. Unaweza kuyahesabu mwenyewe kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kwa dakika nzima. Homa, upungufu wa damu na wasiwasi navyo huongeza mapigo, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake haitoshi. Ni sababu ya kumpeleka kwa mganga, basi.

Kusimama. Kizunguzungu, giza machoni au kuanguka anapoinuka kitandani, msalani au baada ya kupiga magoti.

Tumbo. Kushiba haraka, kujaa gesi, kutapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita. Wengine hufunga choo kwa siku kadhaa, kisha huharisha usiku bila maumivu.

Kibofu. Hahisi kwamba kimejaa. Anakaa nusu siku bila kwenda haja ndogo, au mkojo unatoka kidogo kidogo bila hiari. Mkojo unaobaki ndani huleta maambukizi.

Jasho. Miguu mikavu yenye nyufa, na wakati huo huo jasho jingi usoni na shingoni anapokula. Mwili usiotoa jasho vizuri hauvumilii joto la pwani, hasa miezi ya Januari na Februari.

Tendo la ndoa. Wanaume hupoteza nguvu, wanawake hupata ukavu na maumivu. Hili halitasemwa mbele ya watu, na mara nyingi halitasemwa kabisa.

Halafu kuna hatari mbili zisizo na kelele. Ya kwanza ni shambulio la moyo lisilo na maumivu. Neva zinazobeba maumivu ya kifua nazo zimeumia, kwa hiyo mgonjwa haoni kifua kubana. Anachoona ni uchovu wa ghafla, pumzi kukata, kichefuchefu au jasho la baridi. Mgonjwa wa kisukari mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anasema hana maumivu. Ya pili ni sukari kushuka bila onyo. Mtu mwingine sukari ikishuka hutetemeka na moyo kumdunda, naye hutafuta kitu cha kula. Aliyejeruhiwa neva huenda moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kisha kuzimia. Huyu ndiye anayedhaniwa kuwa amelewa au amepandwa na jini.

4. Hospitali watafanya nini

Kumgundua mgonjwa huyu hakuhitaji mashine kubwa. Mganga atapima presha akiwa amelala, kisha amesimama kwa dakika tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 kwenye namba ya chini, kuna tatizo. Kipimo kingine kilichoenezwa na madaktari Ewing na Clarke wa Edinburgh ni kumwambia mgonjwa avute pumzi kwa kina, mara 6 kwa dakika moja, huku mapigo yake yakirekodiwa. Moyo wenye vagasi nzima huongeza kasi anapovuta pumzi na kupunguza anapoitoa, na tofauti hufika mapigo 15 au zaidi. Tofauti isipofika mapigo 10, vagasi imeumia. Umri mkubwa nao hupunguza tofauti hiyo, kwa hiyo tafsiri ni kazi ya mganga.

Atapima pia sukari, figo, damu na mkojo, na ataangalia dawa zote anazotumia. Mpelekeeni dawa hizo zikiwa kwenye mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba. Baadhi ya dawa za mzio, za usingizi na za maumivu ya neva hukausha mdomo, hufunga choo na kuzuia mkojo, na zinaweza kufanana na ugonjwa wenyewe au kuuzidisha. Dawa za presha nazo zinaweza kuchangia kuanguka. Lakini mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake. Aliyeziandika ndiye azibadilishe. Kwa wanaoishi mkoani kwetu, anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa akihitaji zaidi atapelekwa hospitali ya wilaya, au Bombo, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa.

5. Utunzaji wa kila siku

Tuseme ukweli: neva ya ndani iliyokwisha kufa hairudi kwa urahisi, na hatujui dawa ya kikombe kimoja inayoirudisha. Lakini madhara yanaweza kuzuiwa yasizidi, na maisha yanaweza kuwa mepesi. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza kuumia kwa neva kwa zaidi ya nusu. Kwa aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, faida ni ndogo kidogo, na hapo presha, lehemu, uzito na sigara lazima vishughulikiwe pamoja na sukari.

Kwa anayeanguka akisimama: akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kuinuka, achezeshe vifundo vya miguu, anywe maji ya kutosha kama mganga hajamzuia, na asioge maji ya moto sana. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo kwa matofali.

Kwa tumbo lisilosukuma chakula: ale kidogo kidogo mara tano au sita, atafune sana, asilale mara baada ya kula. Mafuta mengi huchelewesha tumbo, hivyo tui zito la nazi na vya kukaanga vipunguzwe. Samaki wa kuchemsha, uji na ndizi laini huenda vizuri zaidi, kwa kiasi kinachoruhusiwa na sukari yake. Na hapa Muheza tuseme neno gumu: nyama ya chungwa na makapi yake, pamoja na nazi iliyokunwa, vinaweza kujikusanya kuwa tonge gumu katika tumbo lililolegea. Mgonjwa wa aina hii asile makapi. Kama anatumia insulini, amweleze mganga kwamba chakula kinachelewa tumboni. Insulini inaweza kutangulia kabla ya chakula kufyonzwa, na sukari ikaanguka.

Kwa kibofu: aende haja ndogo kwa saa, kila baada ya saa tatu au nne, hata kama hajisikii. Akimaliza asubiri kidogo, ajaribu tena.

Kwa miguu: aikague kila jioni, aipake mafuta lakini si katikati ya vidole, asitembee pekupeku, hata ufukweni.

Kwa sukari iliyoshuka, yaani chini ya 4 kwenye mashine ya kidoleni: kama yuko macho na anameza, apewe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15. Akirudi sawa, ale chakula. Kama hakuna mashine na dalili zipo, mpe sukari bila kusubiri. Aliyezimia asiwekewe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

6. Upande wa kichungaji

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi moja kwa moja, maana maneno yetu yanaweza kumponya mgonjwa huyu au kumwua.

Kwanza, mfungo. Kadiri ya kanuni 1252, sheria ya kufunga huwabana watu wazima hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Mzee wetu ana miaka 58, na kwa hesabu tupu angefunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Lakini Kanisa halikuweka sheria ili mgonjwa azimie. Mgonjwa ambaye kufunga kunamhatarisha habanwi, na kanuni 1245 inampa paroko uwezo wa kuondolea au kubadilisha wajibu huo. Mwambieni waziwazi, kwa sababu wengi wanafunga kwa siri wakiona aibu. Anaweza kutoa sadaka, kusali Njia ya Msalaba akiwa amekaa, kuacha maneno makali nyumbani. Ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Tanga tunaishi nao ua mmoja na mara nyingi ukoo mmoja, nao wana ruhusa kwa mgonjwa mwezi wa Ramadhani. Tukumbushane kama majirani.

Pili, Ekaristi. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo hauzuii maji wala dawa. Kanuni 919 inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wapokee hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Hivyo asisukumwe kuahirisha chakula baada ya kuchoma insulini. Anayetapika mara kwa mara anaweza kupewa kipande kidogo cha Hostia, na penye lazima kanuni 925 inaruhusu Komunyo katika umbo la divai peke yake. Kuhusu kupiga magoti, Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, namba 43, yanataja afya kuwa sababu halali ya kutopiga magoti. Anayebaki ameketi asinyoshewe kidole. Wahudumu wa milango wajue benchi lake na wamwekee glasi ya maji.

Tatu, ndoa. Mke anapoona mume hamkaribii, anaweza kudhani ana nyumba ndogo. Mume anaona haya, ananyamaza, anatafuta vidonge vya dukani ambavyo vikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kumwua. Mshauri wa ndoa aulize kwa upole kama kuna kisukari. Waelezwe kwamba ni neva zimeumia, wala si mapenzi yaliyokwisha, na kwamba hospitali wana msaada. Waseminari mkumbuke kanuni 1084: kizuizi ni kile kilichotangulia ndoa na kilicho cha kudumu. Udhaifu uliokuja baadaye hauvunji ndoa.

Nne, pepo. Katekisimu, namba 1673, inataka kuhakikisha kabla ya kupunga pepo kwamba si ugonjwa, na kanuni 1172 inadai ruhusa maalumu ya Askofu. Mtu aliyeanguka kanisani apimwe sukari na presha kwanza. Kumwombea ni vizuri, na maombi hayazuiwi na mashine ya kupima. Ila hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia mgonjwa aache insulini kwa sababu ameombewa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kumheshimu tabibu na pia kusali. Anaviweka pamoja.

Tano, Mpako wa Wagonjwa. Usisubiri pumzi ya mwisho. Kanuni 1004 inasema unatolewa kwa mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Mgonjwa ambaye moyo wake unaweza kusimama bila maumivu yuko hatarini hata anapotembea kwenda shambani.

Turudi kigangoni

Mzee wetu alipimwa. Presha yake ilishuka aliposimama, na mapigo yake yalikuwa 108 akiwa amelala. Dawa zake zilirekebishwa. Sasa anakaa wakati wa mageuzo, na kijana wa Jumuiya hukaa kando yake akiwa na sukari kwenye karatasi. Mke wake amefundishwa maana ya vijiko vitatu vya wali. Hajapona kisukari. Lakini hakuna tena anayemwita mlevi, na hilo kwake ni uponyaji wa namna yake.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani ana kisukari kwa zaidi ya miaka 10, na nani amemtembelea mwezi huu?

2. Je, mtu akianguka kanisani kwetu leo, nani anajua la kufanya katika dakika tano za kwanza? Mashine ya kupima sukari iko kwa nani?

3. Ni maneno gani tumewahi kuwaambia wagonjwa kuhusu mfungo, maombi au dawa ambayo inatupasa kuyarekebisha?

Somo hili halichukui nafasi ya mganga. Litumike kumfikisha mgonjwa kwa mganga mapema, na kumpokea vema anaporudi. Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yanamtambua kuwa tabibu, atuombee.